Mishale Niliyoifuta

Mimi ndiye niliyefuta mishale. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeshawasikia watu wakisimulia habari za mradi ule kana kwamba mvua ndiyo yenye kosa, au mila, au yule mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam, ambaye sasa ni marehemu na hawezi kujitetea. Penseli ilikuwa yangu na ufutio ulikuwa wangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria. Tukuyu, kila mwenye kibaraza alikuwa amegeuka mwenye duka. Malori ya wanunuzi wa ndizi yalipanga foleni, mitumba ilitundikwa mpaka kwenye nyaya za nguo za watu, na Serikali iliyozoea kutupa vitu bure, kidogo kidogo na kwa kuchelewa, ilianza kutuambia tuchangie. Miradi nayo ikamiminika. Mmoja uliniajiri kuwa karani wa takwimu za maradhi ya watoto vijijini. Nilikuwa na kidato cha nne, cheti cha miezi tisa, na kompyuta. Kompyuta za mji mzima wakati ule zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ya kwangu niliifunika kwa kitambaa alichodarizi mke wangu, na nilikuwa nikiifunua mbele ya wageni polepole, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kijiji kilikuwa na mhudumu wa afya, mtu wa kujitolea mwenye daftari, ambaye aliandika watoto walioumwa na waliumwa nini. Mwisho wa mwezi daftari lilipelekwa kwa mganga wa zahanati. Mganga alijumlisha na kujaza fomu. Fomu zilikuja kwangu Tukuyu, nami nilipokwisha kuzipata zote, narudia, zote, ndipo nilipoziingiza kwenye mashine. Majumuisho yangu ndiyo yaliyoamua gari la dawa la mradi liende wapi. Palipokuwa na wagonjwa wengi, gari lilikwenda. Pasipokuwa na wagonjwa, gari lingekwenda kufanya nini?

Mmoja wa wahudumu hao alikuwa mdogo wangu wa kike. Baba yetu alikuwa mfua mashuka hospitali ya misheni pale Igogwe, na sisi tulikulia kwenye harufu ya dawa na migomba. Mimi nilichukua kiburi cha hospitali, yeye akachukua huruma yake. Aliolewa upande wa Suma, kijiji ambacho sitakitaja, na mume wake alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akawa anarudi Krismasi kwa Krismasi. Mganga wa zahanati yao alikuwa baba mkwe wake.

Hapo mtu wa kwetu ameshaelewa. Kwa asiye wa kwetu nitaeleza. Mwanamke wa Kinyakyusa humkwepa baba mkwe. Wenyewe tunasema ukutila, ni woga na heshima kwa pamoja. Akimwona anakuja njiani huingia migombani, hujifunika kanga na kugeuka mpaka apite. Jina lake hamtaji. Chumba alichomo haingii. Wachungaji wamelisema sana hilo, walimu wamelicheka, na mabinti wa mjini siku hizi wanawapa wakwe zao mkono. Lakini nyumba aliyoolewa mdogo wangu ilikuwa nyumba ya kushika mambo, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kushika mambo. Hakuona kuwa anaonewa. Nilipomtania alisema, “Kaka, wewe unamwogopa bosi wako, mimi namwogopa mkwe. Afadhali wangu hanifukuzi kazi.”

Basi daftari lake lilikuwa na njia yake. Mwisho wa mwezi alikwenda nalo kwa mama mkwe, akapitia mlango wa jikoni. Mama mkwe hakujua kusoma. Wakakaa, mmoja akisoma msitari kwa msitari, mwingine akimenya ndizi na kuuliza. Huyu wa tatu si ndiye yule aliyepelekwa kwa bibi yake ng'ambo ya mto? Basi watamwandika kule, mfute. Na yule wa nyumba ya chini mbona humsomi, jana nimemsikia analia kilio cha kuhara? Walipomaliza, mama mkwe alilibeba daftari mwenyewe mpaka zahanati, akaliweka mbele ya mumewe, na kumwambia kwa mdomo yote ambayo daftari halikuyasema. Shughuli hiyo ilichukua siku tatu. Ikitokea msiba, wiki. Na kwetu hakuna wiki isiyo na msiba.

Mimi Tukuyu nilikuwa nasubiri. Fomu za vijiji vingine vyote ziko mezani, mashine imefunuliwa kitambaa, nami nasubiri bibi mmoja amalize kumenya ndizi. Ndivyo nilivyokuwa nikiliona jambo hilo. Makao makuu walikuwa wanataka majumuisho tarehe tano, na mimi nilikuwa napeleka tarehe kumi na mbili, kumi na tano. Nilitajwa kwenye barua kwa ubaya mara mbili.

Ndipo alipokuja mtaalamu. Mtu mcheshi, shati limenyooka hata baada ya safari ya siku nzima. Alibandika karatasi ya manila ukutani, akaniambia nichore kila kazi kwa duara, na pale ambapo kazi moja haianzi mpaka nyingine iishe, nichore mshale. Nilichora. Nilipomaliza manila ilikuwa na mishale mingi kuliko maduara.

“Umeona?” akasema. “Kila mshale ni mtu anamsubiri mtu. Ukitaka kujua kwa nini nchi hii imechelewa, usihesabu maduara. Hesabu mishale.”

Tulicheka wote wawili. Akaniambia, “Sasa jiulize kila mmoja kama una kazi. Usio na kazi, ufute. Kila mtu afanye lake kwa wakati wake, asimsubiri mwenzake.”

Nikiri kwamba nilifurahi. Si kwamba nililazimishwa, nilifurahi. Mtu aliyesubiri maisha yake yote, foleni ya sukari, foleni ya mafuta ya taa, foleni ya barua ya kuitwa kazini, akiambiwa kwamba kusubiri ni ujinga na kwamba dawa yake ni ufutio, atafurahi. Nilikaa na manila ile siku mbili. Mshale wa mama mkwe nilijiuliza una kazi gani. Nikaandika pembeni: anabeba daftari. Nikaufuta.

Nimeshafanya makosa mengi maishani, lakini hakuna maneno mawili niliyoyaandika kwa upumbavu kama hayo. Nilikulia kule. Nilijua kabisa yule mama alikuwa anafanya nini jikoni kwake. Niliyajua yote hayo na nikaandika anabeba.

Mshale wa pili niliofuta ulikuwa wangu mwenyewe. Tulikubaliana kwamba sitasubiri vijiji vyote. Tarehe tano nafunga mwezi na vilivyokuwepo. Kulikuwa na tatizo dogo tu, mashine haikukubali nafasi tupu. Nilimuuliza mtaalamu niandike nini kwa kijiji ambacho fomu yake haijafika.

“Weka sufuri,” akasema akiwa ameshashika mkoba wake. “Utarekebisha mwezi ujao.”

Nilikwenda mwenyewe kijijini kutangaza utaratibu mpya. Tulikaa kwenye darasa la shule. Nikaeleza kwamba kuanzia sasa mhudumu atapeleka daftari zahanati mwenyewe, na lisipite mkono wa mtu mwingine yeyote, kwa sababu maradhi ya mtu ni siri yake. Niliyaandika hayo kwenye barua na kuyapigia muhuri. Habari ya siri ilikuwa kisingizio. Nilitaka kumwondoa mama mkwe njiani bila kumwambia kwamba namwondoa.

Yule mama alinyoosha mkono. Alinisalimia kwanza, “Ugonile,” kwa upole, kama mtoto wake.

“Daftali hili halina mdomo, mwanangu,” akasema. “Likifika peke yake litasema nini?”

Watu walicheka, nami nikacheka. Nikamwambia daftari litasema kilichoandikwa, mama, ndiyo kazi yake. Alikaa chini. “Ndaga,” akasema, yaani asante.

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka daraja la miti. Alikuwa anatembea nyuma yangu, jambo ambalo hakulizoea. Tulipofika darajani akasema, “Kaka, unajua siwezi.”

“Karatasi haina baba mkwe,” nikamjibu. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu Tukuyu na nililiona zuri sana. Kisha nikamwonea huruma kidogo, nikamwambia, “Mzee saa saba si anakwenda kula? Ingia, weka mezani, toka. Nani atakuona?”

Akaitika. Alinitii kama alivyomtii mkwe wake, na hapo ndipo nilipomfunga kamba mbili.

Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda kama maji ya mfereji. Saa saba mzee alikwenda kula, binti akaingia, daftari likabaki mezani, fomu ikanifikia kwa wakati. Mganga aliniambia siku moja kwamba siku hizi kuna mambo hayaelewi kwenye daftari na hana wa kumuuliza, lakini anajaza hivyo hivyo. Nikamwambia jaza hivyo hivyo. Majumuisho yangu yalikuwa ya kwanza mkoa mzima. Barua zikaanza kunitaja kwa uzuri.

Kisha mzee akafungua duka la dawa. Simlaumu. Mshahara wake ulikuwa haumalizi hata wiki ya pili, zahanati yenyewe haikuwa na dawa, na watu walikuwa wanaambiwa wakanunue. Kama watanunua kwa mwingine, kwa nini wasinunue kwake? Aliweka kabati na meza kwenye kibaraza cha zahanati, akawa analetewa chakula palepale. Kuanzia asubuhi mpaka giza lilipoingia mzee alikaa mlangoni. Habari za duka hilo nilizijua. Nililicheka tu, nikasema mzee naye kaamka.

Masika yalipokolea, kijijini kwa mdogo wangu watoto walianza kuhara damu. Chemchemi yao ilikuwa imeingiwa na maji ya bondeni. Waliokuwa na kitu walikwenda kununua vidonge kibarazani kwa mzee, hawakusema sana, mtu hatangazi kuhara kwa mwanawe dukani. Wasiokuwa na kitu walibaki nyumbani na kumwita mdogo wangu. Aliwanywesha maji ya chumvi na sukari, na sukari ilipokwisha akachukua ya watoto wake. Kwenye daftari aliandika tisa. Tisa kwa kijiji kile, kwa mwezi mmoja, ilitosha kuligeuza gari njiani. Alilijua hilo. Alikuwa anausubiri mwisho wa mwezi ufike.

Ulipofika, alikwenda zahanati na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee yuko mlangoni. Alisimama migombani mvua ikimnyeshea, akingoja ainuke. Mzee hakuinuka. Saa saba mzee aliletewa chakula, akala palepale. Jioni mdogo wangu alirudi nyumbani. Kesho yake akaja tena, akasimama tena. Na keshokutwa. Siku tatu mtu mzima amesimama kwenye matope hatua chache kutoka kwa mtu anayetakiwa kulipokea daftari lake, na wote wawili wanapendana na kuheshimiana, na daftari haliendi.

Watu huniuliza kwa nini hakumpa mgonjwa yeyote aliyekuwa anaingia. Kwa sababu ya barua yangu. Lisipite mkono wa mtu mwingine yeyote, muhuri, sahihi ya kaka yake. Mbona hakwenda kwa mama mkwe, kama zamani? Alikwenda. Mama mkwe alimkaribisha, akampa uji, na alipoliona daftari akalisogeza pembeni. “Kaka yako amesema mimi si kazi yangu,” akamwambia. Alikuwa ameumia kuliko alivyoonyesha siku ile darasani, na mdogo wangu kwa haya hakulifungua daftari wala hakusema limebeba nini. Alimaliza uji akaondoka.

Mbona basi asiingie tu, akatupilia mbali mila kwa ajili ya watoto? Wanaouliza hivyo ni wale wanaojua mwisho wa kisa. Yeye alikuwa katikati. Kila siku alidhani kesho mzee atainuka.

Jumapili mzee alikwenda ibadani, duka likafungwa. Mdogo wangu aliingia, akaliweka daftari mezani, akatoka mbio. Ilikuwa tarehe sita. Kesho yake mzee alijaza fomu hivyo hivyo, bila wa kumuuliza, akaituma Tukuyu na kulisubiri gari.

Mimi tarehe tano jioni nilikuwa nimefunga mwezi. Nakumbuka vizuri sana. Nilifika kwenye msitari wa kijiji kile, fomu haipo, na mashine inangoja tarakimu. Nilijua kwamba kijiji hakijaleta, na nilijua kutoleta si sawa na kutougua. Nikabonyeza sufuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Gari la dawa lilikwenda upande wa Nkunga, ambako walikuwa na wagonjwa sita. Walistahili, sisemi hawakustahili.

Kabla ya mwezi kufika nusu, watoto wanne kati ya wale tisa walikuwa wamezikwa. Mtu akisikia hapa huuliza kama mmoja alikuwa wa mdogo wangu. Hapana, hakuna aliyekuwa wake. Naona watu wakipumua wakisikia hivyo, na ninawachukia kidogo, kisha nakumbuka kwamba swali hilo mimi mwenyewe ndilo nililouliza kwanza.

Aliyevunja ukimya ni mama mkwe. Baada ya mazishi ya mtoto wa nne alitoka makaburini akaenda moja kwa moja mpaka kibarazani, akasimama mbele ya kabati la vidonge, na kumwambia mumewe kwa sauti iliyosikika barabarani: nyumba hii, nyumba hii, nyumba hii na ile. Mzee alifunga duka saa ileile, akapanda lori la ndizi mpaka mjini kutafuta msaada. Watu wa hospitali walikuja, dawa zilitolewa, chemchemi ikatiwa dawa, na watano waliobaki walipona. Taarifa ya mdomo ya mama asiyejua kusoma ilifanya kazi kwa siku mbili.

Katika siku hizohizo nilipata barua ya kwenda Mbeya. Palikuwa na semina ya makarani, na mimi niliombwa nisimame mbele nieleze jinsi tulivyoondoa kusubiriana kwenye kazi zetu. Nilinunua shati jipya. Habari za vifo nilikuwa nimezisikia, nikajiambia hata takwimu zingekuwa sahihi, barabara ya matope isingepitika. Nikajiambia mengi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha ya kwangu chini ya shati jipya.

Asubuhi ya safari mdogo wangu aliingia ofisini. Hakuwahi kufika ofisini kwangu kabla. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, na alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia kaa. Hakukaa. Alilitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki akalifungua mbele yangu, juu ya kile kitambaa cha kudarizi.

“Hawa hapa,” akasema. “Tisa. Na hawa wenye msalaba ni wale wanne. Mama mkwe ameniambia mganga ameona kwenye karatasi za Tukuyu mwezi ule sisi tumeandikwa hatuna mgonjwa.”

Nikamwambia ndivyo ilivyo, fomu ilichelewa.

“Sikuja kugombana, kaka. Sikukuletea lawama. Mama zao wameniuliza kama wameandikwa. Nimewaambia nitakwenda kuhakikisha. Andika tu tisa, na wanne.”

Hilo ndilo alilolitaka, hakutaka jingine. Lakini tisa wale, wakiingia, mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba mwezi wangu wa sifa, mwezi niliokuwa naenda kuusimulia Mbeya, ulikuwa uongo. Angeuliza sufuri ilitoka wapi. Nikainua macho nikamwambia kwa sauti yangu ya ofisini kwamba haiwezekani, mwezi ule umeshafungwa.

Alinitazama. Mdogo wangu hakuwahi kuwa mjinga, na hakuwahi kunitazama vile.

“Umefungwa na nani?”

Disketi yenye takwimu za mwezi ule ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwangu. Kuufungua mwezi ilikuwa kazi ya dakika kumi, sijamwambia mtu hilo mpaka leo.

“Na mimi,” nikasema.

“Basi ufungue.”

Nikamwambia gari la kwenda Mbeya lilikuwa nje likinisubiri, na kweli lilikuwa linanisubiri.